Bati la Nyuma

Mgeni akija Kizimbani huletwa kunusa. Hupewa jani la mdalasini alifikiche, hupasuliwa kungumanga aione basibasi nyekundu iliyoizunguka kokwa, huvishwa kofia ya makuti, akapigwa picha, akarudi mjini. Akiwa mpenzi wa historia huambiwa kuwa hapa ni miongoni mwa pahala pa mwanzo kupandwa mikarafuu Unguja, zamani za Sayyid Said, na huoneshwa hamamu ya mawe. Vyema. Lakini nyuma ya mipopoo, pale ambapo harufu ya karafuu inashindwa na harufu ya kabaidi, lipo banda la makuti la fundi wa bodi za gari, na huko hakuna mgeni anayepelekwa. Mie ndiko niliko kila asubuhi tangu nilipomaliza Fomu Foo. Usiku naandika riwaya, mchana napiga msasa. Na kama nyinyi wenzangu mnaosoma jarida hili mnadhani hayo ni mambo mawili yasiyojuana, ngojeni niwape habari ya bati la nyuma la Peugeot 404.

Kwa sisi tuliozaliwa tukazikuta Noah na Vitz, 404 inataka kuelezwa kidogo. Ilitoka mwaka 1960. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia: mbele ina uso mpana wa mtu mzima, nyuma ina mapezi mawili kama ya samaki. Injini yake imelazwa ubavu. Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki iliyashinda mwaka 1963, halafu 1966, 1967 na 1968. Na mara mbili hizo za katikati aliyeshika usukani alikuwa Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akikaa Dar es Salaam. Ndo maana wazee wetu wakiitaja gari hii husema kama wanaomtaja mtu wa ukoo wao.

Babu yangu mzaa mama aliinunua ya mkono wa pili mwaka 1978, akaifanya teksi pale Darajani. Ilibeba mabibi harusi, ilibeba wagonjwa, ilibeba magunia ya mbata. Ilimsomesha Mama na ilimsomesha Mjomba. Babu alipofariki, mwaka 2016, aliacha nyumba ndogo ambayo Bibi anaishi, mikarafuu michache, na gari.

Miaka sita gari ilikaa chini ya mfenesi, haikuguswa na mtu. Na kutu kwetu haingoji mwaliko. Kisiwa kimezungukwa na maji ya chumvi, na Kizimbani, ingawa haiko ufukweni, ina mvua nyingi na vivuli vya miti visivyoacha kitu kikauke. Chuma kikikaa na maji na hewa hurudi kuwa vumbi jekundu. Chumvi kazi yake ni kuiharakisha safari. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo huisukuma rangi kwa ndani ikatoka vipele. Ukiona nje kipele kama punje ya mtama, basi ndani pana kidonda kama kisahani. Katika gari ya Babu mpira wa buti ulikuwa umekauka ukapasuka, maji yakiingia yakiteremka mpaka mwisho wa sakafu ya buti, pale bati la sakafu linapokutana na bati la nyuma. Vitundu vya kutolea maji vimeziba kwa vumbi na majani. Maji yamekaa hapo mvua za masika na mvua za vuli, mwaka baada ya mwaka.

Ilipofika 2022 Mjomba akasema gari igaiwe. Mirathi ya kiislamu ina hesabu zake: mke apate thumni, yaani sehemu moja katika nane, na kinachobaki mtoto mwanamume apate mara mbili ya mwanamke. Mwalimu wa chuoni akaketi barazani, akaikata gari mafungu 24: Bibi matatu, Mjomba 14, Mama saba. Hapakuwa na mabishano. Bibi tu, ambaye macho yake hayaoni vizuri lakini ulimi wake ni mzima, aliuliza:

"Na hiyo nyuma iliyooza ni fungu la nani?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nilidhani ni maskhara.

Mnunuzi akapatikana upesi. Alikuwa ni mtu wa mjini mwenye kukodisha gari za harusi. Siku hizi maharusi wanapenda kupigwa picha ndani ya gari za kizamani, na yeye alitaka 404 ikae mbele ya msafara. Alitaja shilingi milioni sita, kwa sharti gari iwe imeng'arishwa. Mjomba akaileta bandani kwetu ikivutwa kwa kamba.

"Fundi, piga puti, piga rangi, nataka ing'are," akasema. "Jumaamosi ya wiki ijayo mwenyewe anakuja na fedha."

Fundi hakujibu. Alikwenda kwenye kikopo chake cha misumari akatoa sumaku ya spika ya redio mbovu. Hii ndiyo daktari wake. Sumaku hunasa kwenye chuma. Penye puti nene haishiki. Aliiweka juu ya boneti, tap! Ikanasa. Mlangoni, ikanasa. Akazunguka nyuma akaiweka chini ya taa ya kushoto, na sumaku ikaanguka mchangani. Akaiokota, akaiweka katikati, chini ya kitasa cha buti. Ikaanguka. Kulia, ikaanguka.

"Bwana, hapa nyuma hapana gari," akasema Fundi. "Pana picha ya gari."

Akachukua tindo na nyundo ndogo, akagonga polepole. Puti ikabanduka vipande kama ganda la yai. Chini yake palikuwa na saruji. Naam, saruji ya kujengea nyumba! Na chini ya saruji palikuwa na ubavu wa debe la mafuta ya kupikia, umenyooshwa ukabanwa kwa ribiti, na kutu imeula mpaka umekuwa kama kitambaa cha wavu.

Mjomba akaona amepata ushahidi. "Mnaona? Baba mwenyewe ndiye alotia haya. Hakuna mtu mwengine aliyeigusa gari hii. Sasa baba alitia debe na saruji, mie nikitia puti nimekuwa mwizi?"

Nilimtazama Fundi. Mie mwenyewe swali lile lilinichoma. Babu ninayemjua mimi alikuwa mtu wa kurudisha shilingi tano iliyozidi. Leo namkuta na saruji ndani ya buti!

Fundi alikaa juu ya kigogo akawasha sigara. "Miaka ile mie n'kijana," akasema. "Mwanzo wa miaka ya themanini. Madukani hamna kitu. Sabuni ya shida, mchele wa foleni, bati la gari utalitoa wapi? Fedha za kigeni nchi haina. Baba yako alitia debe ili gari itembee alete unga nyumbani. Na aliyekuwa akikaa ndani ya gari hiyo kutwa nzima ni yeye mwenyewe, anajua nyuma yake pana nini. Alifunika, lakini hakumuuzia mtu. Wewe unataka kumfunikia mtu mwengine."

"Ah, funika kombe mwanaharamu apite," akasema Mjomba.

"Atakayepita ni bibi harusi, atakuwa amekaa siti ya nyuma."

Hapa lazima nieleze jambo la ufundi, maana wengi hawalijui. Lori lina chesi: mihimili miwili ya chuma inabeba kila kitu, na bodi imepandishwa juu yake. 404 ya saluni haina chesi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo chesi. Sakafu, kuta na paa vimeshikana kama sanduku, na nguvu ya sanduku iko kwenye mishono yake. Ukiondoa upande mmoja wa sanduku ukaziba kwa udongo, kwa macho ni sanduku. Likisukumwa ndipo utajua. Gari ikigongwa nyuma, puti haizuii kitu. Wahenga walikwishasema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Afadhali mkakasi ndani una mti!

Fundi akataja hesabu mbili. Kufunika: siku mbili, shilingi laki na ishirini elfu. Kukata na kutia bati jipya, na ukingo wa sakafu uliooza: wiki tatu, laki nane. Mjomba akachagua ya kwanza pale pale. Fundi akasema kazi hiyo yeye haifanyi, lakini hamzuii mtu kupeleka gari kwengine.

Usiku ule nyumbani kwetu hapakulalika. Lazima mjue kuwa Mama alikuwa na shida ya fedha zile kuliko mtu yeyote. Paa letu linavuja. Masika tunalala na sufuria tatu chumbani, kila moja na sauti yake. Mafungu saba ya gari yangetosha kuezeka upya. Mjomba akaja na hesabu kwenye karatasi, anamwonesha: ukifunika utapata hivi, ukikata utapata vile, na mnunuzi huenda akakimbia. Hesabu zilikuwa sahihi, sikuona kosa hata moja.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamkumbusha habari ambayo kila mtoto wa chuo anaijua, ya yule muuza nafaka wa Madina aliyeweka kavu juu na iliyolowa chini, na Mtume akatia mkono ndani ya chungu. "Kaka," akasema, "mimi siwezi kuezeka nyumba kwa fedha hizo. Mvua ikinyesha ntakuwa nasikia harusi ya watu."

"Basi lipa wewe," akasema Mjomba. "Laki nane toa wewe."

Mama akaingia ndani akatoka na kitambaa. Zilikuwa fedha za upatu, zamu yake ilikuwa imefika mwezi ule. Mjomba aliondoka hakuaga.

Kesho yake tukaanza kazi. Kwanza tulitoa betri, bampa, taa na nyaya, halafu tangi la petroli, tukalipeleka mbali, kivulini. Vijana mnaojifunza kuchomea, shikeni hili: tangi tupu ndilo la kuogopwa zaidi, maana mvuke wa petroli uliobaki ndani ndio unaoripuka. Kisha, kabla ya kukata chochote, Fundi alipima. Kutoka pembe ya juu kushoto mpaka pembe ya chini kulia. Kutoka juu kulia mpaka chini kushoto. Vipimo hivyo viwili vikilingana, gari haijapinda. Mimi nikaviandika kwenye daftari langu, ukurasa wa nyuma ya sura ya tatu ya riwaya. Akakata chuma cha pembe akakibana ndani ya buti, huku na huku, ili sanduku lisifumbuke tukiondoa ukuta wake.

Halafu tukakata. Nilishika grenda, nikafuata chaki. Fundi akapita na sumaku na bisibisi. Kila pahala bisibisi inapopenya, chaki inasogea mbele. Nikaona kipande kinazidi kuwa kikubwa. Bati tulilonunua mjini lilikuwa moja tu, na mie nikaanza kuhesabu moyoni: tukizidi hapa halitatosha.

"Unatazama bati," akaniambia. "Usikate kwa hesabu ya bati ulilonalo. Kata kwa hesabu ya kutu. Ukiacha kutu kidole kimoja kwa kubania bati, bati jipya litaoza kuanzia hapo hapo."

Tulikata mpaka tukafika kwenye chuma cheupe pande zote. Bati likapungua kweli. Kipande cha ziada tulikitoa kwenye mlango wa gari kongwe iliyokufa zamani, maana bati la paa la nyumba halifai: lina zinki, na zinki ikichomwa moshi wake humtia mtu homa.

Kipimo tulikitoa kwa karatasi ya boksi, tukaijaribu mara tano sita kabla ya kuigusa chuma. Bati lenyewe ni unene wa milimita moja hivi. Mikunjo iliyonyooka Fundi aliikunja kwenye ukingo wa reli. Pembe za duara chini ya mapezi alizifinyanga juu ya mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga, kwa nyundo ya mti, anagonga taratibu kama anayemlaza mtoto. Siku mbili kwa pembe moja. Kisha tukaliweka pahala pake, tukafunga buti, tukatazama mwanya: sarafu ipite juu, ipite kushoto, ipite kulia, kwa ulaini ule ule. Haikupita kulia. Tukalitoa. Tukalirudisha. Tukalitoa tena.

Kuchomea tulitumia gesi. Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima ilipokosa umeme baada ya njia inayotoka Bara kuharibika, mafundi wenye mashine za umeme walikaa bila kazi, na Fundi na mtungi wake wa kabaidi alikula kwa jasho lake. Tangu hapo haamini waya. Lakini gesi ina ubaya wake: moto wake ni mpana, na bati jembamba likipata moto mwingi hujikunja kama chapati. Kwa hiyo huchomi mstari mmoja moja kwa moja. Unaweka nukta kushoto, unakwenda kulia, unarudi katikati, na mie nafuata na kitambaa cha maji kupoza. Nukta baina ya nukta, mpaka zikutane. Ilituchukua siku tatu.

Mnunuzi wa mjini hakungoja. Siku ya Jumaamosi ile alikuja, akaikuta gari haina mgongo, akashika kichwa, akaenda zake. Tukasikia amenunua gari nyengine. Mjomba akapita barabarani juu ya Vespa yake, hakutugeukia. Nilimwona Mama siku zile akitazama paa kila wingu likipita, wala hakusema neno. Fundi naye hakusema neno. Mie ndiye niliyekuwa nikijiuliza: je, ukweli huu tunaoununua kwa laki nane, nani atauona? Ukishapakwa rangi, bati jipya na puti nene ni kitu kimoja machoni.

Wiki ya nne tukapaka rangi ya chini, tukatia puti nyembamba mno, ya kuziba mikwaruzo tu, tukapiga msasa wa maji, tukapaka rangi ya krimu. Ndani ya mishono, pasipoonekana na mtu, Fundi akapitisha mafuta mazito kwa brashi, na vile vitundu vya kutolea maji akavizibua kwa msumari kimoja kimoja. Mpira wa buti ukawa mpya.

Ilipita miezi miwili. Kisha akaja mtu mzima mmoja, baba yake aliwahi kuendesha 404, akataka na yeye aendeshe. Kabla hajauliza bei, Fundi akamtilia sumaku mkononi. "Zunguka nayo," akamwambia. Mzee akazunguka. Sumaku ikanasa mbele, ikanasa mlangoni, ikanasa chini ya taa ya kushoto, ikanasa katikati, ikanasa kulia. Akatia mkono chini ya ukingo wa buti akaupapasa mshono kwa ndani, akanyamaza kidogo. Alitoa shilingi milioni tano na laki sita. Mwisho wa fedha zake ulikuwa hapo.

Tukakaa tena barazani. Mjomba alikuja, amenuna. Hoja yake ilikuwa hii: zigaiwe zote mafungu 24, na laki nane ni juu ya Mama peke yake, kwa kuwa ni yeye aliyetaka. Mwalimu akatafuta maneno. Bibi akamtangulia.

"Siku ile niliuliza nyuma iliyooza ni fungu la nani, mkacheka," akasema. "Haya, leo nijibuni. Ilikuwa ya huyu binti peke yake?"

Pakawa kimya. Hata kuku waliokuwa uani niliwasikia.

"Baba yenu alikuachieni gari, na kutu yake. Huwezi kurithi usukani ukamwachia mwenzio kutu. Toeni laki nane kwanza, zirudi kwa mwenyewe. Zilobaki ndo mirathi."

Zikabaki milioni nne na laki nane, laki mbili kwa kila fungu. Bibi laki sita. Mama milioni moja na laki nne, na fedha zake za upatu zikarudi. Mjomba milioni mbili na laki nane. Kwa ile hesabu yake ya karatasi, alikuwa amepungukiwa na laki sita na thelathini elfu, na mtu asimdharau, ana watoto wanne. Alizihesabu mara mbili, akazifunga, akambusu Bibi mkono, akatoka.

Asubuhi ya pili nilikuwa bandani nafagia. Vespa ikasimama nje. Mjomba akaingia, akamwamkia Fundi, akazunguka zunguka akitazama vitu kama mtu anayetafuta dukani asichokijua jina. Mwisho akasema, bila ya kunitazama mimi:

"Hii Vespa ina kutu hapa chini ya miguu. Nifanyie hesabu." Akafika mlangoni, akageuka. "Lakini puti usinitilie."